Nani aliweka hii?

Mwanangu alikuwa ameinamia mfereji wa mbao, mikono imelowa hadi viwikoni, anatikisa chekeche kama mtu anayepepeta choroko. Mchanga ukaenda na maji, mawe yakabaki. Akachagua moja, akalifuta kwenye fulana, akaliinua juani.

Kijani, lenye michirizi myeusi. Na ubavuni doa jekundu lililoiva, kama juisi ya rozela iliyomwagikia kitenge.

Mbele yetu palikuwa na bango la picha za mawe na majina yake, ili mgeni ajue alichopata. Mwanangu ana miaka tisa na anapenda mabango. Alianza kulinganisha, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Mimi sikuhitaji bango.

Jiwe lile ni la Longido.

Nilisoma Arusha miaka miwili. Maduka ya vinyago ya karibu na Mnara wa Saa yalikuwa yamejaa jiwe hilo: faru wa kijani, mayai ya kijani, visahani vya majivu ya sigara. Likizo moja nilimnunulia mama kobe, na mpaka leo yuko Geita juu ya kabati la televisheni, amekalia kitambaa cha kufuma, gamba lake lina doa jekundu upande mmoja. Mgeni akimshika, mama husema, "Huyo kobe ametoka Longido, mrudishe taratibu."

Sasa nilikuwa Dahlonega, kwenye vilima vya kaskazini mwa Georgia, Marekani, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Atlanta. Tulikuwa tumetoka kutembezwa ndani ya mgodi wa zamani. Baada ya mahandaki kila mtoto alinunuliwa ndoo ya mchanga akatafute vito, na karai la kuoshea dhahabu.

"Hili limetoka nyumbani," nikamwambia. "Tanzania. Kule karibu na Namanga."

Akalitazama jiwe. Akaitazama ndoo. Kisha akageuka kukitazama kilima tulichotoka kukiingia, akanirudia.

"Mama, nani aliweka hii?"

Siku nyingine ningemsahihisha ngeli. Nimekuwa askari wa ngeli tangu alipoanza shule huku. Lakini swali lilinifika kabla ya kosa.

"Mungu," nikajibu, kwa haraka ile ya wazazi.

"Kwenye ndoo?"

Hiyo ilikuwa mwezi wa nne. Nimekaa nalo mpaka leo.

Dhahabu ni mvivu

Nirudi nyuma kidogo, kwenye karai.

Kijana aliyetufundisha kuosha alikuwa na ndevu nyingi na subira nyingi zaidi. Alieleza vizuri: dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19, mchanga hata mara tatu haufiki. Kwa hiyo kwanza unatikisa karai ndani ya maji, dhahabu ishuke chini. Halafu ndipo unainamisha, maji yachukue cha juu. Watu wengi wanaogopa, wanaosha kwa woga kama wanamwogesha mtoto mchanga. Usiogope, akasema, haiendi popote.

Nikachukua karai. Sikuwa nimeshika mchanga wa dhahabu kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini mikono ina kumbukumbu zake. Nilitikisa mara tatu, nikainamisha, nikazungusha ukingo kidogo kuelekea kifuani. Kijana akaacha kuongea.

Akaniuliza nimejifunzia wapi.

Nilijifunzia Nyarugusu. Baba alikuwa mwalimu Geita mjini, lakini likizo tulipelekwa kwa shangazi, na shangazi alikuwa anaosha marudio, yaani ule mchanga ambao wenye maduara (mashimo ya kuchimbia) wameshauosha wakaona umekwisha. Alikuwa na mwalo wake: mbao iliyolazwa kwa mteremko, juu yake magunia, maji yanamwagwa na mchanga unapita, kilicho kizito kinakamatwa kwenye nyuzi. Jioni magunia yanakung'utwa ndani ya karai, na hapo ndipo tulipoitwa sisi watoto.

"Dhahabu ni mvivu," shangazi alikuwa akituambia. "Waamshe wenzake wote waondoke, yeye utamkuta amelala palepale."

Sikujua wakati ule kwamba anatufundisha fizikia. Sikujua pia kwamba zebaki aliyokuwa akiichanganya kwa vidole vitupu, na ule moshi wa kuichomea kwenye mkaa karibu na tunapolia ugali, ni vitu ambavyo nesi wa huku akivisikia anaacha kuandika na kukutazama usoni. Tulisogea karibu ili tuone. Zebaki inaondoka, njano inabaki. Sijawahi kuona kiini macho kizuri kama kile.

Kwenye karai la Dahlonega zilibaki chembe sita. Mbegu ya pilipili ni kubwa kuliko chembe zote sita zikiunganishwa. Kijana wa ndevu akazivuta kwa dropa na kuzitia kwenye kichupa chenye maji, na maji ya kichupa yakazikuza. Mwanangu akauliza kama sasa tunaweza kununua nyumba.

Niliona fahari ambayo siwezi kuieleza vizuri. Watu wa karai la jirani walinipigia makofi. Mimi, ambaye kazini naambiwa nirudie nilichosema kwa sababu ya lafudhi, nilikuwa mtaalamu kwa dakika kumi.

Halafu nikakumbuka kwamba nimelipa ili nipigiwe makofi hayo.

Jirani yangu hakugusa maji

Hatukwenda peke yetu. Kwenye majengo yetu, upande wa Clarkston, wanaishi Wakongo wengi, na jirani wa mlango wa pili alikuwa na wanawe wawili wanaosoma darasa moja na wangu. Nilimbembeleza aje. Nilimwambia tunakwenda kutembeza watoto milimani. Neno mgodi nilimtajia tukiwa tayari barabarani.

Alinyamaza mpaka tulipofika.

Anatoka Kamituga, Kivu ya Kusini, mji ambao umechimbwa dhahabu tangu enzi za Wabelgiji. Mahandakini sikumwona akitazama chochote. Kiongozi wa msafara alipozima taa ili tujue giza la wachimbaji wa zamani lilikuwaje, watoto walipiga kelele za raha, na mimi nilisikia mkono wake ukishika mkoba wangu, si mkono wangu, mkoba. Taa zilipowaka alikuwa ameuachia na anaangalia dari.

Kwenye maji alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba magotini.

"Njoo uoshe," nikamwambia. "Watoto wanakuangalia."

"Mie nilishatwanga ya kutosha, dada. Acha batoto bafurahi."

Ndipo akanieleza, macho yakiwa kwa watoto. Kamituga wanawake hawaingii shimoni, wanatwanga. Mwamba ukitolewa, unapewa kinu cha chuma na mchi wa chuma, unatwanga mawe mpaka yawe unga laini, kutwa nzima, na vumbi lile ndilo unalovuta. Wanaitwa mama twangaise, kitenzi chetu cha kutwanga kimevalishwa mkia wa Kifaransa. Alianza akiwa na mimba ya mtoto huyu mkubwa, yule pale mwenye kofia.

Mtoto mwenye kofia alikuwa anaruka kwa sababu amepata jiwe la zambarau.

"Hii kazi," jirani yangu akasema, "batu banalipa ili baifanye?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa mshangao halisi, kama mtu aliyeambiwa kuna nchi wanalipia kuteka maji kisimani. Halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikanikamata na mimi, tukacheka mpaka kijana wa ndevu akatabasamu bila kujua tunachekea nini.

Nilipomwomba msamaha wiki mbili baadaye kwa kumpeleka pale bila kumwuliza, alinikatiza. Alisema watoto wake sasa wanajua mama yao alikuwa anafanya kazi gani, na hakuwa amepata namna ya kuwaambia. Sijui kama alisema hivyo kunipoza. Wakongo wana adabu.

Chumvi

Rudi kwenye ndoo.

Ukutani, karibu na mahali pa kulipia, palikuwa na kibao kinachosema waziwazi kwamba ndoo za vito zimeongezwa mawe kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Hakukuwa na siri. Mimi ndiye niliyepita na watoto watatu na pochi wazi bila kusoma. Kila ndoo ina mawe, kila mtoto anapata, hakuna anayelia ndani ya gari wakati wa kurudi. Kama mzazi, nashukuru.

Lakini mimi ni mtoto wa Geita, na kuna neno lililoanza kunikwaruza.

Kwa Kiingereza, kuweka madini mahali ambapo hayakuwapo ili mtu mwingine ayakute kunaitwa kuutia mgodi chumvi. Kiswahili tunatia chumvi maneno. Wao wanatia chumvi udongo. Nilipogundua hilo nilifurahi kama dakika moja, kisha nikamkumbuka baba mdogo.

Miaka ya tisini alikuja mtu mwenye duara, anatafuta watu wa kuweka hisa. Alikuwa na maneno mazuri na viatu vizuri zaidi. Baba mdogo hakuwa mjinga. Alisema siweki senti mpaka nione udongo ukioshwa mbele yangu. Wakateremka shimoni pamoja. Baba mdogo akachimba mwenyewe kwenye ukuta aliouchagua mwenyewe, akabeba mfuko mwenyewe, akaosha mwenyewe. Mwenye duara alisimama tu pembeni anavuta sigara.

Ndani ya karai ilibaki njano ya kutosha kumfanya mtu mzima apige goti.

Aliuza ng'ombe wanne na baiskeli. Walichimba miezi miwili, na kila karai lilirudi tupu. Mwenye duara akawa hapatikani. Ilichukua muda mrefu mpaka mzee mmoja alipomwuliza swali dogo: huyo mtu alikuwa anakung'utia wapi majivu ya sigara yake?

Chembe za dhahabu zilikuwa ndani ya tumbaku.

Kwa hiyo nilipokuwa nasimama pale mferejini, na mwanangu ameshika jiwe la Longido lililotoka ndani ya ndoo ya Georgia, kitu fulani tumboni kilijikunja. Nilijiambia si kitu kimoja. Na kweli si kitu kimoja. Baba mdogo alidanganywa, mwanangu aliburudishwa, na kibao kipo ukutani. Mchezo wa kombolela pia una aliyejificha na anayetafuta, hakuna anayeita polisi.

Bado sikulala vizuri usiku ule.

Nadhani kilichonikera ni wepesi wake. Shangazi alikuwa na siku nzima za kuosha na kukuta gunia limekamata mchanga mweusi peke yake. Hakuwa analalamika. Alikuwa anasema riziki haijaamka. Siku hizo tupu ndizo zilizoipa chembe uzito wake, sijui kama naeleweka. Mwanangu hakuwahi kuwa na karai tupu hata moja. Amejifunza kwamba ukitia mkono kwenye mchanga, kitu kinakusubiri.

Halafu nageuka upande wa pili, najisikia mnafiki. Nilivuka bahari ili mwanangu asijue karai tupu. Sasa nalalamika kwamba halijui?

Ngoma mbili

Kabla ya kurudi tulipita katikati ya mji. Jengo la zamani la mahakama, la mwaka 1836, sasa ni makumbusho ya dhahabu. Watoto walikuwa wamechoka, jirani yangu akabaki nao nje na aiskrimu, mimi nikaingia kwa dakika ishirini ambazo ziligeuka arobaini.

Dhahabu ya hapa ilileta watu kwa maelfu mwaka 1829, miaka ishirini kabla ya ile ya California inayojulikana zaidi. Jina lenyewe la mji linatokana na neno la Wacherokee la rangi ya njano. Maana yake ni kwamba wenye nchi walikuwepo, walikuwa na lugha, na waliiona rangi hiyo kabla ya mtu mwingine kuja na koleo.

Mwaka 1830 jimbo la Georgia likapitisha sheria: Mcherokee haruhusiwi kuchimba dhahabu. Kwenye ardhi yake mwenyewe.

Mwaka 1832 ikafanyika bahati nasibu. Ardhi ya Wacherokee ilikatwa viwanja, na vile vya eneo la dhahabu vilikuwa vya ekari 40 kila kimoja. Raia weupe wa jimbo waliandikisha majina. Makaratasi ya majina yakatiwa kwenye ngoma moja, makaratasi ya viwanja kwenye ngoma nyingine, mengine yakiwa matupu. Mkono unaingia huku, mkono unaingia kule, mtu anasomewa jina lake na ekari zake. Wacherokee walikuwa bado wanaishi humo.

Nilisimama hapo muda mrefu. Mkono unaingia, mkono unatoka na kitu. Mtu wa nje, ambaye hajui kilichotangulia, angeona watu wenye furaha kwenye foleni.

Sarafu za kwanza za kiwanda cha serikali cha Dahlonega zilipigwa mwaka 1838, na mwaka huohuo askari waliwakusanya Wacherokee kuwapeleka magharibi. Watu wapatao 16,000 walihamishwa, na inakadiriwa 4,000 kati yao walikufa. Safari hiyo inaitwa Njia ya Machozi. Kiwanda cha sarafu kilidumu mpaka 1861. Mwaka 1958 dhahabu ya vilima hivi ilipelekwa Atlanta kwa msafara wa magari ya farasi kupaka kuba la jengo la bunge la jimbo. Kuba hilo naliona karibu kila siku nikienda kazini, na nilikuwa nikilitumia kujua kama nimechelewa.

Nilipotoka, mwanangu alinionyesha kichupa. "Bado ziko sita," akasema. Alikuwa amezihesabu tena.

Sikumwambia kitu. Gari lilikuwa la furaha, kulikuwa na nyimbo, na mdogo wake wa miaka minne alikuwa amelala na aiskrimu kidevuni. Nikasema moyoni, nitamwambia akikua. Nawajua vizuri wazazi wanaosema hivyo. Nililelewa na wawili.

Mundarara

Swali halikuisha. Mtoto akikosa jibu huliacha swali kwa muda, kama mtu anayeegesha baiskeli, halafu analirudia. Wiki ya tatu, tukiwa mezani, aliliweka jiwe karibu na sahani.

"Sasa nimejua, si Mungu aliyeiweka kwenye ndoo. Ni yule mwenye ndevu?"

Nikaona nimweleze nilichokuwa nimekitafuta usiku baada ya usiku badala ya kulala.

Jiwe hili linachimbwa Mundarara, wilayani Longido, na limejulikana huko tangu mwaka 1954. Jina lake la kitaalamu, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. (Dahlonega, njano. Anyolaiti, kijani. Jina la wenyeji huwa linabaki, hata pale ambapo wenyewe hawakubakizwa.) Ile kijani ni zoisaiti, madini yaleyale ambayo yakiwa ya bluu kule Mererani yanaitwa tanzanaiti. Weusi ni honibledi. Wekundu ni rubi, rubi ya kweli, lakini iliyo nyingi ni nzito isiyopitisha mwanga, haifai kukatwa ikakaa kwenye pete. Kwa hiyo inauzwa kwa uzito, inachongwa kobe na faru, au inavunjwavunjwa, inang'arishwa kwenye mashine na kupelekwa duniani ikiwa ndani ya magunia.

Mwanangu akauliza kwa nini ndoo haikuwa na ile ya bluu. Nikamwambia kuhusu Saniniu Laizer, ambaye mwaka 2020 alitoa mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.7. Macho yalimtoka. Mawe kama hayo hayafiki kwenye ndoo za watoto. Kinachofika ni lile la kijani.

Kisha tukaanza kulirudisha jiwe lilikotoka, mkono kwa mkono. Kabla ya kijana wa ndevu kuna aliyechota mawe kwa kopo na kuyachanganya na mchanga. Kabla yake kuna aliyeuza gunia. Kabla yake, mashine inayong'arisha, na mtu anayeiwasha. Meli. Bandari. Lori kwenye barabara ya Namanga. Dalali. Na mwishoni, yaani mwanzoni, mtu aliyeshuka shimoni Mundarara na kulitoa.

Alihesabu kwa vidole. Vikaisha vya mkono mmoja.

"Wanaitwa nani?"

Nikanyamaza.

Kwa muda wote huo nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya pesa. Nilikuwa tayari kumweleza bei, faida, kwa nini ndoo ni dola ishirini na kitu na jiwe ni senti. Nilikuwa na hasira yangu tayari, imepangwa vizuri. Yeye alitaka jina. Na kati ya watu wote wale, kutoka Longido mpaka mferejini, sikuwa na jina hata moja la kumpa.

Ninalo jina la shangazi. Nilimtajia hilo. Nikamwambia naye alikuwa kwenye mstari kama huo, chembe zake zilichukuliwa na mnunuzi mwenye mizani ndogo aliyekuja kila Jumamosi, na sijui zilifika wapi. Huenda ziko kwenye pete ya mtu hapa hapa Georgia. Mwanangu alipenda wazo hilo kuliko nilivyotaka alipende. Kwa siku kadhaa alikuwa anakodolea macho vidole vya watu dukani.

Nilimpigia shangazi simu ya video nimwonyeshe kichupa. Amezeeka, haoni vizuri, aliisogeza simu puani. Nilimweleza kila kitu, bei ya karai, makofi, ndevu. Akauliza maji yanatoka wapi. Nikasema bombani, yanatiririka yenyewe. Akauliza na kivuli kipo. Nikasema wamepaua, kuna na mabenchi.

Akakaa kimya kidogo.

"Waambie mchanga wao ukishaoshwa wasiumwage," akasema. "Marudio yana kitu siku zote."

Jumamosi

Nyuma ya majengo yetu kuna uwanja wa michezo wenye sanduku la mchanga. Jumamosi iliyopita nilikuwa dirishani nakausha vyombo. Chujio langu la chai lilikuwa halionekani tangu asubuhi, nikawa nimejua liko wapi.

Mwanangu alikuwa amepiga magoti sandukuni, peke yake, anaangalia huku na huko. Alitoa kitu mfukoni. Akachimba kwa mkono, akakifukia, akasawazisha mchanga kwa kiganja, taratibu, kama mama anavyosawazisha kitambaa chini ya kobe. Halafu akamwita mdogo wake na watoto wa jirani yangu.

Akawafundisha. Nilimwona akitikisa chujio, akiinamisha, akizungusha ukingo kuelekea kifuani. Sikumbuki kumwonyesha hilo la kifuani.

Walichimba pembe zote zisizo na kitu. Mwenye kofia alikata tamaa akaenda kwenye bembea. Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye ngazi, anasuka nywele za mtu, anawatazama. Mdogo wake aliendelea, ndoo ya plastiki kichwani kama helmeti, anahamisha mchanga kutoka hapa kwenda hapa bila mpango wowote.

Kisha akapiga ukelele.

Alikuja mbio mpaka chini ya dirisha, mkono juu, mchanga unamwagika kwenye nywele. "Mama! Nimepata! Nimepata mimi!"

Jiwe la kijani lilikuwa limelowa jasho la kiganja chake.

Kaka yake alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama, amejiwekea kidole mdomoni.